Je, Terosauri Alikuwa Dinosauri, Ndege, au wa Ukoo Mwingine?

"Mwanangu ana umri wa miaka tisa na hasikii wala haoni isipokuwa wanyama wa kale. Kitabu chake kimoja kina picha ya mnyama mwenye mabawa ya ngozi na mdomo mrefu, na chini yake pameandikwa kwamba huyo ni 'dinosauri anayeruka'. Mwalimu wake amemwambia kuwa mnyama huyo si dinosauri hata kidogo. Nilipojaribu kujisomea ili nimsaidie, nikakuta pameandikwa kwamba ndege wa leo ndio dinosauri. Sasa tumechanganyikiwa sote wawili. Inawezekanaje reptilia yule wa kutisha asiwe dinosauri, halafu kuku awe dinosauri? Je, ndege hawakutokana na hao reptilia wenye mabawa? Na ni kweli kwamba waliweza kumnyakua mtu kwa miguu yao, kama picha zinavyoonyesha? La mwisho, mtoto ameokota jiwe lenye alama ndefu nyembamba ambayo anaamini ni mfupa wa mnyama huyo, na anataka tulipasue tuone kilichomo ndani. Tufanye nini?"

Ndugu msomaji,

Mwalimu amesema kweli, na ulichokisoma kuhusu ndege nacho ni kweli. Kilichokosea ni maelezo ya picha kitabuni. Mnyama yule anaitwa terosauri, na ingawa aliishi zama moja na dinosauri, na huenda baadhi ya jamaa zake waliwala watoto wa dinosauri, hakuwa mmoja wao. Naelewa kwa nini jibu hilo linakera, maana linaonekana kana kwamba wanasayansi wamemnyima jina yule anayelistahili kwa sura yake, wakampa kuku. Chanzo cha utata huu ni kwamba wengi wetu hulitumia jina "dinosauri" kama sifa, tukimaanisha mnyama yeyote wa kale, mkubwa, mwenye magamba, aliyekwisha kutoweka duniani, ilhali katika elimu ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa kwenye mawe, jina hilo ni la nasaba. Mtu haingii katika ukoo kwa kufanana sura na wenye ukoo huo, wala kwa kuishi nao kijiji kimoja. Huingia kwa kuzaliwa humo, na akishazaliwa humo hatoki, hata sura yake na kazi yake zibadilike namna gani. Wanyama nao tunawapanga hivyo hivyo.

Jina lenyewe lilitungwa na Mwingereza Richard Owen mwaka 1842, baada ya kuona kwamba reptilia watatu wakubwa wa nchi kavu waliokuwa wamefukuliwa Uingereza, yaani Megalosaurus, Iguanodon na Hylaeosaurus, walishiriki alama fulani za mifupa, hasa pingili za uti wa mgongo zilizoungana kwenye nyonga. Wakati huo terosauri walikuwa wamejulikana kwa zaidi ya miaka hamsini, na Owen aliwafahamu vizuri, lakini hakuwatia katika kundi lake jipya. Kwa hiyo mwalimu wa mwanao hajaleta jambo geni. Terosauri hawajawahi kuhesabiwa kuwa dinosauri na wataalamu, tangu siku dinosauri walipopewa jina.

Ili kuona wanavyohusiana, inafaa kurudi nyuma hadi miaka milioni 250 hivi iliyopita, mwanzoni mwa kipindi cha Triasiki, kwenye kundi la reptilia liitwalo arkosauri. Kundi hilo liligawanyika matawi mawili makubwa. Tawi moja ndilo lililowazaa mamba. La pili liligawanyika tena, upande mmoja wakatoka terosauri na upande mwingine wakatoka dinosauri, na humo ndani ya dinosauri, baada ya mamilioni mengi ya miaka, wakatoka ndege. Terosauri na dinosauri, basi, ni watoto wa ndugu, na wote wawili ni jamaa wa mbali wa mamba. Ndege wao si ndugu wa dinosauri tu, bali ni uzao wao, na ndiyo sababu wanalibeba jina la ukoo hata kama hawafanani tena na wazee wao.

Kwa muda mrefu palikuwa na pengo la kusumbua katika habari hii, kwa sababu terosauri wa kwanza tunaowapata kwenye mawe, wenye umri wa miaka milioni 220 hivi, tayari wana mabawa kamili, na hatukuwa na mnyama wa kutuonyesha walikotoka. Mwaka 2020 uchunguzi wa mafuvu na mifupa ya lagerpetidi, reptilia wadogo wembamba wasio na mabawa, ulionyesha kwamba hao ndio ndugu wa karibu zaidi wa terosauri, kwani umbo la ubongo wao na la mirija ya sikio la ndani linafanana na la terosauri katika mambo ambayo hayaonekani kwa reptilia wengine wa wakati huo. Mmoja wa jamii hiyo, Kongonaphon wa Madagaska, alikuwa na kimo cha sentimita 10 hivi tu. Mnyama wa kati, mwenye nusu bawa, bado hajafukuliwa.

Mwanao akitaka alama anayoweza kuionyesha kwa kidole kwenye picha ya mifupa, aanze na nyonga. Kwa dinosauri, tundu ambamo kichwa cha mfupa wa paja huingia limetoboka kabisa, kiasi kwamba ukiiangalia nyonga peke yake unaona upande wa pili. Kwa terosauri tundu hilo lina ukuta wa mfupa nyuma yake. (Wapo dinosauri wachache, kama ankilosauri wenye magamba mazito ya mifupa, ambao baadaye waliliziba tena, katika biolojia ni nadra kukuta kanuni isiyo na mkaidi wake.) Ila nyonga ni alama ya mtaalamu. Alama ambayo hata mtoto haisahau iko mkononi.

Mwaka 1784 Cosimo Alessandro Collini, aliyekuwa akitunza hazina ya vitu vya asili huko Mannheim, alichapisha maelezo ya mifupa iliyopatikana kwenye mawe ya chokaa ya Bavaria, Ujerumani, katika eneo la Solnhofen ambako mawe hupasuka kwa tabaka bapa kama vigae. Ni mnyama mdogo mwenye taya ndefu zenye meno madogo mengi. Ukifuata mfupa wa mkono wake kutoka begani, unapita kisukusuku, unafika kwenye kifundo cha mkono, kisha unakuta vidole vitatu vifupi vyenye kucha, vya kawaida kabisa, ambavyo ungeweza kuviona kwa mjusi. Kidole cha nne kinakushtua. Kina mifupa minne iliyofuatana, kila mmoja mrefu kama fito, na kwa pamoja inaushinda urefu wa mkono wote uliobaki. Mwisho wake hauna kucha. Kidole cha tano hakipo. Collini hakuelewa kidole kile kilikuwa cha kazi gani, akakisia kwamba huenda mnyama huyo alikuwa wa baharini. Alikuwa Mfaransa Georges Cuvier, mwaka 1801, aliyetambua kwamba yule ni reptilia, na kwamba kidole kile kirefu kilishikilia bawa.

Bawa la terosauri, kwa hiyo, ni utando ulionyooshwa na kidole kimoja, kile ambacho kwetu huvaliwa pete, ukaanzia kwenye ncha yake na kurudi hadi kwenye mguu wa nyuma. Mbele ya mkono palikuwa na utando mwingine mdogo, ulioshikiliwa na kijimfupa chembamba kinachochomoza kwenye kifundo cha mkono kuelekea begani, na kijimfupa hicho hakipatikani kwa mnyama mwingine yeyote, aliye hai au aliyekufa. Picha nyingi huuchora utando huo kama ngozi tupu iliyolegea, na hilo ni kosa. Visukuku vichache vilivyohifadhi ngozi yenyewe, kutoka Solnhofen na kutoka China, vinaonyesha kwamba ndani yake mlikuwa na nyuzi nyembamba zilizopangwa kwa safu, tabaka jembamba la misuli, na mishipa ya damu. Bawa hilo lilikuwa kiungo hai ambacho mnyama aliweza kukikaza au kukilegeza akiwa hewani. Mahali hasa utando ulipoishia mguuni, kwenye paja au karibu na kifundo, ni jambo ambalo wataalamu wamelijadili kwa miaka mingi; visukuku bora tulivyonavyo vinaelekeza chini, kwenye sehemu za karibu na kifundo cha mguu.

Hapa ndipo ulinganisho na ndege na popo unapoeleweka bila kukariri. Popo naye hurukia utando, lakini utando wake umetandazwa na vidole vinne, huku dole gumba likibaki huru. Ndege hana utando wa namna hiyo kabisa. Vidole vyake vimepungua hadi vitatu, vikaungana na kudumaa, na kazi ya kuunda bawa imeachiwa manyoya marefu yaliyojichomeka kwenye mfupa wa mkono na kwenye kiganja. Tofauti hiyo ina matokeo makubwa. Unyoya ukikatika, mwingine huota mahali pake, ilhali utando ukichanika lazima upone kama jeraha. Zaidi ya hayo, bawa la ndege halijafungwa na miguu, kwa hiyo miguu ya ndege imekuwa huru kubadilika kwa kukimbia, kuogelea, kuparamia miti au kukamata mawindo. Ya terosauri ilikuwa sehemu ya bawa. Wanyama watatu wenye uti wa mgongo wameipata elimu ya kuruka kwa kupiga mabawa, kila mmoja kwa njia yake na kwa wakati wake: terosauri kwanza, ndege miaka milioni 70 hivi baadaye, na popo mwishoni, ambao mifupa yao kamili ya kale zaidi ina umri wa miaka milioni 52 hivi.

Hilo linajibu pia swali lako la pili. Ndege hawakutokana na terosauri. Dhana hiyo ni ya kawaida na ina mantiki yake, kwa kuwa mtu akiona reptilia aliyeruka zamani na ndege anayeruka leo, ni rahisi kuwaunganisha kwa mstari mmoja. Lakini bawa la kidole kimoja haliwezi kuwa chanzo cha bawa la manyoya. Ingebidi kwanza kidole cha nne kirefu kitoweke, kisha mkono uanze upya. Mawe ya Solnhofen yenyewe yametoa ushahidi. Mwaka 1861 humo humo walimopatikana terosauri alitambuliwa Archaeopteryx, wa miaka milioni 150 hivi iliyopita, mwenye mabawa ya manyoya, lakini pia mwenye meno, mkia mrefu wa mifupa na vidole vitatu vyenye kucha mkononi. Mkono huo, pamoja na mfupa wa kifua wenye umbo la herufi V ambao ndege wanao hadi leo, tunaukuta kwa dinosauri walao nyama waliotembea kwa miguu miwili, jamaa za Velociraptor. Kisha mwaka 1996 akatangazwa Sinosauropteryx wa China, dinosauri mdogo asiyeruka ambaye mwili wake ulifunikwa na malaika laini, na baada yake wakafuata wengine wengi wenye manyoya kamili. Tangu hapo mjadala wa msingi umekwisha. Wakati Archaeopteryx anaanza kujaribu mabawa yake, terosauri walikuwa tayari juu ya kichwa chake.

Je, terosauri nao walikuwa na manyoya? Mara nyingi swali hili hujibiwa kwa haraka mno, ama ndiyo ama hapana. Tangu mwaka 1971, alipoelezwa Sordes aliyepatikana Kazakhstan, tunajua kwamba mwili wa terosauri ulikuwa na vinyuzi laini, na hilo linaashiria mnyama mwenye joto lake mwenyewe mwilini, anayehitaji kulihifadhi. Mwaka 2018 watafiti waliochunguza visukuku vya China walisema kwamba baadhi ya vinyuzi hivyo vilikuwa na matawi kama manyoya machanga ya ndege, na mwaka 2022 kisukuku cha Tupandactylus kutoka Brazili kikaonyesha vinyuzi vyenye matawi pamoja na chembe za rangi za maumbo tofauti tofauti. Wapo wanaohitimisha kwamba manyoya yalianza kwa mhenga wa pamoja wa terosauri na dinosauri, na wapo wanaosema kwamba kila ukoo ulijiotesha vyake, au kwamba matawi hayo ni vinyuzi vilivyolaliana wakati wa kuoza. Mimi naegemea upande wa asili moja, hasa baada ya kisukuku cha Brazili, lakini nisingemkosoa mwalimu anayewafundisha watoto kwamba suala hili bado linajadiliwa. Kinachoweza kusemwa bila wasiwasi ni kwamba terosauri hakuwa na manyoya ya kurukia, na kwamba picha inayomwonyesha akiwa uchi kama mjusi imepitwa na wakati.

Kuhusu kumnyakua mtu, jibu ni hapana, na zipo sababu mbili zilizo wazi. Ya kwanza ni ya wakati. Terosauri wa mwisho walikufa miaka milioni 66 iliyopita, na binadamu wa namna yetu tuna umri wa laki chache tu za miaka. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Mara kwa mara husikika habari za viumbe wa namna hiyo wanaodaiwa kuonekana kwenye vinamasi vya mbali, lakini katika tabaka zote za mawe zilizofuata baada ya miaka hiyo milioni 66 hapajapatikana mfupa wao hata mmoja. Sababu ya pili ni ya miguu yenyewe. Terosauri alikanyaga kwa wayo mzima, na vidole vyake vya miguu vilikuwa virefu, vimenyooka, visivyo na kidole cha kupinga kwa nyuma kama alichonacho tai. Hakuweza kufumbata kitu kizito na kupaa nacho. Picha nyingi za namna hiyo humtumia Pteranodon wa Kansas, Marekani, mwenye kishungi kirefu kisogoni. Huyo alikuwa na mabawa ya zaidi ya mita 6 kwa madume makubwa, lakini hakuwa na jino hata moja, na mabaki ya samaki yaliyokutwa pamoja na mifupa yake yanaonyesha alikula nini.

Namna terosauri alivyotembea tunaijua kwa nyayo, na mimi huona huu ni ushahidi mzuri kuliko mifupa, kwa kuwa nyayo huachwa na mnyama aliye hai. Huko Crayssac, Ufaransa, kwenye tope la pwani lililogeuka jiwe, kuna njia ndefu za nyayo za terosauri. Alama ya mguu wa nyuma ni ndefu na nyembamba, yenye vidole vinne. Mbele yake, pembeni kidogo, pana alama ya mkono yenye vidole vitatu vilivyoelekea nje na nyuma, na kidole cha nne hakikugusa tope kwa kuwa mnyama alikikunja juu, kando ya mwili, na bawa lake lote likiwa limekunjwa pamoja nacho. Terosauri alitembea kwa miguu minne. Kwa hiyo kitabu kikimwonyesha amesimama wima kwa miguu miwili kama bata, au amening'inia kichwa chini kama popo, mwambie mwanao kwamba nyayo zinakataa.

Miguu hiyo minne ndiyo inayoeleza pia jambo lililowasumbua wahandisi na wanabiolojia kwa miongo mingi, yaani namna wanyama wakubwa vile walivyopaa. Ndege hujirusha kwa miguu yake, kisha hupiga mabawa. Misuli ya miguu ikishamaliza kazi hiyo inakuwa mzigo hewani, na ndege akizidi ukubwa fulani mzigo huo humshinda. Leo ndege wazito zaidi wanaoruka, kama tandawala, huishia kwenye kilo 20 hivi. Mwaka 2008 mtafiti Michael Habib alipima uimara wa mifupa na kuonyesha kwamba kwa terosauri mifupa ya mikono ilikuwa imara kuliko ya mapaja kwa kiasi ambacho hakielezeki kama walijirusha kwa miguu ya nyuma. Alipendekeza kwamba waliruka juu kwa kujisukuma na viungo vyote vinne, wakitegemea zaidi mikono, yaani misuli ile ile ya kurukia. Wengi katika fani hii sasa wanalikubali pendekezo hilo. Likiwa sahihi, mnyama hakuhitaji kubeba injini mbili, na kikomo cha uzito kinasogea mbali sana.

Kilisogea kiasi gani tunaona kwa Quetzalcoatlus, ambaye mfupa wake wa kwanza uligunduliwa mwaka 1971 na Douglas Lawson, aliyekuwa bado mwanafunzi, katika hifadhi ya Big Bend huko Texas. Makadirio ya mwanzo yalifika mita 15 za mabawa na zaidi. Leo tunasema mita 10 hadi 11, na uzito wa kilo 200 hadi 250 hivi. Albatrosi, ambaye mabawa yake ndiyo marefu kuliko ya ndege wote walio hai, hufikia mita 3.5 hivi. Ukubwa huo uliwezekana kwa sababu mifupa ya terosauri ilikuwa mitupu ndani, imejaa vifuko vya hewa vilivyoungana na mapafu, na kuta zake mara nyingi hazifiki hata unene wa milimita 2. Dinosauri wengi na ndege nao wana mifupa yenye vifuko vya hewa, na hili ni moja ya mambo yanayowafanya watu wadhani terosauri ni ndege wa kale. Lakini usimruhusu mwanao aamini kwamba wote walikuwa majitu. Anurognathus wa Solnhofen, mla wadudu, alikuwa na mabawa ya nusu mita hivi, na Pterodaustro wa Argentina, mwenye meno membamba kama nyuzi yapatayo elfu moja kwenye taya ya chini, alichuja vijidudu majini. Visukuku vyao vimepatikana katika mabara yote. Hata Tendaguru, kusini mwa Tanzania, ambako Wajerumani walifukua mifupa mikubwa ya dinosauri kati ya mwaka 1909 na 1913, pametoa terosauri mdogo aliyepewa jina la Tendaguripterus mwaka 1999.

Juu ya uzazi nitasema machache. Mayai yao, yaliyoanza kutambuliwa mwaka 2004, yalikuwa na ganda laini kama la mayai ya mijusi wengi, hivyo yaelekea waliyafukia badala ya kuyaatamia. Kama vifaranga waliruka mara tu walipoanguliwa, hilo bado linabishaniwa, na mayai zaidi ya 200 ya Hamipterus yaliyoelezwa mwaka 2017 kutoka China yameuchochea ubishi badala ya kuuzima.

Walitoweka pamoja na dinosauri wasio ndege, baada ya asteroidi, yaani jiwe kubwa kutoka angani, kugonga eneo la Chicxulub, Meksiko. Utasoma mahali pengi kwamba ndege walikuwa wamekwisha kuwashinda na kwamba terosauri walikuwa wakififia. Nilikuwa na mashaka na simulizi hiyo, na visukuku vya Moroko vilivyoelezwa mwaka 2018, vinavyoonyesha familia kadhaa za terosauri zikiishi pamoja karibu kabisa na mwisho wa kipindi cha Kretasia, vimeidhoofisha sana. Hata ndege wengi waliangamia siku zile. Waliopona walikuwa wachache, na inaelekea udogo wa mwili na uwezo wa kula mbegu viliwasaidia, wakati terosauri tunaowajua wa mwisho wengi walikuwa wakubwa.

Sasa umwelezeje mtoto? Usimwambie kwamba kitabu ni kibaya akitupe, maana huenda picha yake ni nzuri na kosa ni la sentensi moja. Mwambie afute neno "dinosauri" chini ya picha ile na kuandika "terosauri, binamu wa dinosauri", kisha mtafute wenyewe kidole cha nne kwenye kila picha ya mnyama mwenye mabawa. Akikiona, ni terosauri. Akiona manyoya marefu yanayotoka mkononi, ni ndege au dinosauri wa jamii yao. Huko mbele atakutana pia na reptilia wa baharini, kama ikthiosauri na plesiosauri, ambao vitabu huwaita dinosauri kwa kosa lile lile. Hao wako mbali zaidi na dinosauri kuliko terosauri.

Kuhusu jiwe, tafadhali msilipasue. Uwezekano mkubwa ni kwamba alama hiyo si mfupa. Mizizi iliyogeuka jiwe, mishipa ya madini meupe na nyufa zilizojaa udongo hutoa mistari mirefu nyembamba inayowadanganya hata wanafunzi wa jiolojia. Lakini ikiwa ni mfupa wa terosauri, basi ni mfupa wenye kuta nyembamba mno, ambao pengine umebonyezwa ukawa bapa, na pigo moja la nyundo litaugeuza unga. Chukueni kioo cha kukuzia muangalie pale jiwe lilipovunjika lenyewe: mfupa huonyesha vishimo vidogo vidogo vya ndani na ukingo ulio tofauti na jiwe linaloizunguka alama, ilhali mshipa wa madini huwa mgumu na wa aina moja au hung'aa. Wapo wataalamu ambao huligusisha jiwe kwenye ulimi, kwa kuwa mfupa wenye vishimo hunata; ninaitaja njia hiyo ili umkataze mtoto asije akaisikia kwingine na kuijaribu.

Lipigeni jiwe picha pande zote, mkiweka rula kando yake, na muandike mahali hasa lilipookotwa, kama lilikuwa limelala juu ya ardhi au limechomoza kwenye mwamba, na mwamba huo ni wa rangi gani. Maelezo hayo yana thamani kama jiwe lenyewe, kwani umri hupimwa kwa tabaka, na kisukuku kisichojulikana kilikotoka hupoteza sehemu kubwa ya habari zake. Msirudi kuchimba. Katika nchi nyingi visukuku vinalindwa na sheria, na kuvichimba bila kibali ni kosa. Pelekeni picha kwanza, kisha jiwe wakiliomba, kwenye makumbusho yenye idara ya historia ya asili au kwenye idara ya jiolojia ya chuo kikuu, maana jambo hili halitatuliwi kwa barua wala kwa picha peke yake. Lazima mtu aliyezoea mifupa ya namna hiyo alishike mkononi na kulitazama kwa darubini. Mwambieni mtaalamu huyo kwamba aliyeliokota ni mtoto, na mwombeni amweleze yeye mwenyewe alichokiona, hata kama atakachomwambia ni kwamba lile ni mzizi.